Pikapu ya dizeli inanguruma lakini haivuti: kupima kwanza, kisha kubadilisha konveta kwa fedha kidogo

Unapanda kilima ukiwa na mzigo. Unaongeza mafuta, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unaruka, injini inanguruma, lakini gari linabaki pale pale kana kwamba limefungwa kamba nyuma. Ukimweleza fundi, mara nyingi jibu hutoka kabla hujamaliza: "Konveta hiyo." Huenda ni kweli. Lakini giaboksi ya otomatiki ina zaidi ya sehemu moja inayoweza kuteleza, na zipo kasoro nyingine ambazo haziko hata kwenye giaboksi, ila dereva akizisikia huapa kwamba gia inateleza. Kushusha giaboksi ya pikapu ni kazi ya siku nzima au mbili, na konveta ni kipuri ghali. Kama fedha yako inatosha kununua kitu kimoja tu, huna nafasi ya kubahatisha.

Mimi niliwahi kubahatisha. Nilishusha giaboksi, nikafunga konveta nyingine, nikajipongeza, na jioni hiyo hiyo gari likarudia mchezo ule ule. Kosa lilikuwa swichi ya taa za breki, kidude cha ukubwa wa kidole gumba kilicho juu ya pedali. Tangu siku hiyo siingii chini ya gari kabla sijapima.

Kilichomo ndani ya konveta

Konveta ni chungu cha chuma kilicho kati ya injini na giaboksi, kimechomelewa pande zote na kimejaa ATF, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki. Injini inazungusha impela. Impela inarusha oili kwenye turbini. Turbini inazungusha shafti inayoingia kwenye giaboksi. Katikati yake kuna steta (usiichanganye na stata ya kuwashia gari), ambayo huigeuza oili inayorudi ili iisukume impela badala ya kuikwamisha. Ndiyo sababu gari la otomatiki likiondoka kwenye kusimama linapata msukumo wa karibu mara mbili ya toki (nguvu ya kuzungusha) ya injini. Steta imekaa juu ya klachi ya njia moja: upande mmoja inagoma, upande wa pili inazunguka bila kizuizi.

Wazo hili lilitoka melini. Mjerumani Hermann Föttinger alipata hataza yake mwaka 1905 akitafuta namna ya kuunganisha turbini za mvuke na propela za meli. Kwenye gari, shida ni kwamba oili peke yake haifungi kabisa. Daima kuna mteremko kidogo wa kasi kati ya impela na turbini, na mteremko huo hugeuka joto. Kwa hiyo ikaongezwa klachi ya lokapu, ambayo hushika gari likishachukua mwendo na kuifanya injini na giaboksi zizunguke kama kitu kimoja. Packard, kampuni ya magari ya Marekani, waliitumia tangu mwaka 1949.

Kwenye pikapu ya dizeli, hiyo klachi ya lokapu ndiyo huumia zaidi. Dizeli hutoa toki yake kubwa kwenye RPM ndogo, pale pale lokapu inapotakiwa kushika. Ongeza trela, ongeza kilima, au ongeza programu ya kompyuta iliyopandisha nguvu za injini, na kile kitambaa cha msuguano kinaanza kuungua kidogo kidogo.

Anza na oili, kwa pua na kwa macho

Pima kiwango cha oili kwa utaratibu wa gari lako hasa. Gari nyingi hupimwa oili ikiwa ya moto na injini ikiwa inaunguruma kwenye P. Nyingine, kama zile za Dodge Ram zenye giaboksi ya 47RE, hupimwa kwenye N. Zipo zisizo na dipstiki kabisa: hupimwa kwa kufungua nati ya kumwagia ziada, oili ikiwa katika nyuzi joto zilizotajwa na mtengenezaji. Oili pungufu peke yake hufanya gari liteleze, hasa kwenye kona na kilimani, kwa sababu pampu inavuta hewa. Nimeona watu wakinunua konveta wakati lita moja na nusu ilikuwa imevujia kwenye bomba la kipoozeo.

Sasa idondoshee kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu au kahawia hafifu, bila harufu kali: bado kuna matumaini. Kahawia iliyokolea yenye harufu ya kuungua: kuna msuguano umeungua mahali fulani, ingawa oili haitakuambia ni ndani ya konveta au kwenye klachi pleti za giaboksi. Nyeusi yenye chenga zinazometameta: chuma kinakula chuma. Hapo konveta peke yake haitaliokoa gari.

Ikiwa oili ina rangi ya waridi iliyopauka na imekuwa nzito kama maziwa, simama hapo hapo. Maji ya rejeta yamepenya kwenye oili, kwa kawaida kupitia kipoozeo cha ATF kilichomo ndani ya rejeta. Maji hulainisha gundi inayoshikilia vitambaa vya msuguano, kwenye konveta na kwenye giaboksi pia. Ukibadilisha konveta bila kubadilisha rejeta, unanunua konveta mbili.

Gari linatetemeka kama linapita kwenye matuta madogo

Hii ndiyo dalili ya mapema zaidi. Unakwenda kilomita 60 hadi 90 kwa saa, mguu mwepesi kwenye mafuta, na ghafla gari zima linatetemeka kwa sekunde mbili tatu kama linapita juu ya matuta madogo yaliyopangwa. Ukikanyaga zaidi, linaacha. Ukiachia, linaacha.

Fanya jaribio ambalo halihitaji hata spana. Mtetemo ukiwa umeanza, acha mguu wa kulia kwenye mafuta na kwa mguu wa kushoto gusa breki kidogo mno, kiasi cha kuwasha taa tu. Gari nyingi huachia lokapu taa za breki zinapowaka. Mtetemo ukikata papo hapo, umeipata: lokapu inashika na kuachia. Ukiendelea vile vile, tafuta kwingine: nozeli moja inayokosa, krosi ya propela shafti iliyochakaa, propela shafti isiyo na mizani, maunti (mpira unaoshikilia injini) iliyokatika. Nozeli mbovu kwa kawaida hujitambulisha pia gari likiwa limesimama, injini ikitikisika.

Hata baada ya kuthibitisha kwamba ni lokapu, usinunue konveta bado. Oili iliyochoka hupoteza zile kemikali zinazolainisha mshiko wa klachi, na mtetemo ni matokeo ya kawaida. Badilisha oili yote na filta. Nasema yote kwa sababu ukifungua sampu (trei ya oili iliyo chini ya giaboksi) tu, kiasi kikubwa hubaki ndani ya konveta na kwenye mabomba. Itabidi urudie mara mbili au tatu, ukiendesha kati ya kila mara, au uitoe kupitia bomba la kipoozeo huku ukiongeza mpya. Tumia aina iliyoandikwa na mtengenezaji. Giaboksi ya Chrysler inayotaka ATF+4 haitafurahia oili ya "magari yote", hata kama muuzaji anakuapia. Gari zilizowahiwa mapema hupona hapa, na mwenye gari anakuwa ametumia sehemu ndogo tu ya fedha aliyoitenga.

Wapo watakaokuonya kwamba kubadilisha oili ya zamani "kunaua giaboksi". Mara nyingi giaboksi hiyo ilikuwa imeshakufa, ikashikiliwa tu na uchafu uliokuwa ukielea kwenye oili. Kama oili ni nyeusi na ina chenga, kweli oili mpya haitaiokoa. Kama ni chafu tu, ibadilishe bila hofu.

RPM inapanda, kasi haipandi

Hapa ndipo namba zinapofanya kazi. Ukipata skana inayosoma data za giaboksi, hata ile ndogo ya kuunganishwa na simu, tafuta vitu vitatu: mzunguko wa injini, mzunguko wa turbini (mara nyingine huitwa wa shafti ya kuingilia), na mzunguko wa shafti ya kutokea. Endesha kwa mwendo thabiti kwenye gia ambayo uwiano wake unaujua.

Tuseme uko kwenye gia yenye uwiano wa 1.00. Injini inasoma 2,350, turbini 2,000, kutokea 2,000. Giaboksi iko safi, kinachoingia ndicho kinachotoka. Mizunguko 350 imepotelea kwenye konveta. Sasa geuza: injini 2,350, turbini 2,350, kutokea 2,000. Konveta haina kosa, na klachi za ndani ya giaboksi ndizo zinazoteleza. Picha hiyo ya pili ukiijibu kwa konveta mpya, umetupa fedha.

Lokapu ikiwa imeshika, tofauti kati ya injini na turbini inapaswa kuwa karibu na sifuri. Gari za kisasa huacha kwa makusudi mteremko mdogo, makumi machache ya mizunguko, ili kupunguza mtetemo. Huo si ugonjwa. Mamia ni ugonjwa, lakini ikiwa tu kompyuta imeamuru lokapu ishike. Angalia na amri hiyo kwenye skana.

Huna skana? Chukua kikokotoo. Pima mzingo wa tairi la nyuma kwa kulipitisha mzunguko mmoja kamili chini na kupima umbali kwa futi kamba. Tafuta uwiano wa difu na wa gia ya juu kwenye kitabu cha gari. Mfano: tairi mita 2.4, difu 3.9, gia ya juu 0.70. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 1,333 kwa dakika. Gawa kwa 2.4, upate mizunguko 556 ya tairi. Zidisha kwa 3.9, kisha kwa 0.70, unapata karibu 1,520. Hiyo ndiyo RPM unayopaswa kuiona lokapu ikiwa imeshika. Ukiona 1,750, kuna kitu kinateleza au lokapu haijashika. Kasi isome kwenye GPS ya simu, maana spidomita nyingi husoma juu kidogo ya ukweli, na mtu mwingine ndiye aisome wakati wewe unaendesha.

Kisha gusa breki kidogo kama mwanzo. Kama lokapu ilikuwa imeshika, RPM itaruka mia moja na kitu hadi mia kadhaa, halafu irudi baada ya muda mfupi. Isiporuka kabisa, lokapu haikuwa imeshika tangu awali. Swali linabadilika: je, imeshindwa kushika, au haijaamriwa kushika?

Haijaamriwa kushika: hapa ndipo fedha huokolewa

Kompyuta hukataa kufunga lokapu kwa sababu nyingi za bei rahisi. Swichi ya breki iliyokwama inaiambia kwamba unafunga breki muda wote; angalia kama taa za breki zinabaki zimewaka. Sensa ya joto inayosema injini bado ni baridi, au thamostati iliyokwama wazi, huzuia lokapu isishike. Sensa ya pedali ya mafuta yenye sehemu iliyochakaa huifanya kompyuta idhani unakanyaga na kuachia, kanyaga na kuachia.

Kisa kinachowachanganya wengi ni hiki: lokapu inashika, inaachia, inashika, inaachia, kila sekunde chache kwenye mwendo wa kawaida. Watu huita "konveta mbovu". Kwenye pikapu za zamani za Dodge zenye injini ya Cummins tabia hii inajulikana sana, na mara nyingi chanzo ni umeme mchafu: dayodi ya alteneta imeharibika na inaruhusu mkondo geu uingie kwenye nyaya, au waya wa eathi wa betri umeoza. Weka mita kwenye volti za AC, shika vituo vya betri injini ikiwa inaunguruma. Ikisoma zaidi ya sehemu moja ya kumi ya volti, shughulikia alteneta na eathi kabla ya kitu kingine chochote.

Kodi za hitilafu zinazosomwa kwa skana zinasaidia ukizisoma kwa utulivu. P0740 ni saketi ya lokapu: waya, soketi au solenoidi (valvu ya umeme inayoruhusu oili ifunge lokapu), na mara nyingi haihusiani na konveta yenyewe. P0741 inasema kompyuta iliamuru ishike na ikaona mteremko wa kasi. Hapa konveta ni mshukiwa, pamoja na solenoidi na valvu bodi (sehemu inayogawa oili ndani ya giaboksi) iliyochakaa. P0742 ni kinyume chake, imekwama ikiwa imeshika, na dalili yake ni gari kuzima ukisimama kwenye taa kama la manyuo ambalo hukukanyaga klachi. Ukikuta P0741 pamoja na P0730, yaani uwiano wa gia si sahihi, giaboksi nayo inaumwa.

Solenoidi nyingi hupatikana kwa kufungua sampu tu, bila kushusha chochote. Ipime ukinzani wake, linganisha na kitabu.

Na kama kuna mtu amewahi kuongeza nguvu za injini kwa programu au kisanduku cha nyongeza, rudisha hali ya kiwandani, kisha jaribu kilima kile kile. Lokapu iliyotengenezwa kubeba toki fulani haiwezi kulaumiwa kwa kuteleza chini ya toki nyingine.

Gari zito kuondoka, au halichanganyi kwenye kasi kubwa

Hii ni hadithi ya steta. Klachi yake ya njia moja ikifa na kuzunguka pande zote, gari linaondoka kwa uvivu mkubwa, ila likishapata mwendo linakwenda kawaida. Ikikwama isizunguke kabisa, mambo hugeuka: linaondoka vizuri, halafu kwenye kasi kubwa linakosa pumzi na oili inapata moto kupita kiasi.

Jaribio la kusimamisha linaweza kuthibitisha, lakini ni jaribio la kikatili. Weka vizuizi kwenye magurudumu yote, vuta handibreki, kanyaga breki kwa nguvu zote, hakikisha hakuna mtu mbele wala nyuma ya gari. Injini na oili ziwe za moto. Weka D, kanyaga mafuta hadi chini, soma RPM inapogota, achia. Isizidi sekunde tano. Kisha weka N, acha injini iungurume dakika mbili ili oili ipoe kabla ya kurudia kwenye R.

Kila pikapu ya dizeli ina namba yake ya kugota, na namba halali ni ya kitabu chako. Ikipita namba hiyo kwa mbali, klachi za giaboksi zinateleza au oili ni pungufu. Ikiwa chini kidogo, injini yenyewe ni dhaifu. Ikiwa chini kwa karibu theluthi, shuku steta. Dizeli za kisasa huipunguza toki zenyewe zikihisi unafanya hivi, kwa hiyo namba ndogo kwenye gari la aina hiyo haithibitishi kitu.

Na "injini dhaifu" isipitwe haraka. Filta ya dizeli iliyoziba, mpira wa tabo (turbo) uliopasuka, EGR (valvu inayorudisha moshi kwenye injini) iliyokwama wazi: zote hufanya pikapu iwe nzito na moshi uwe mweusi. Tofauti ni kwamba RPM haikimbii peke yake. Injini dhaifu hupanda polepole pamoja na gari. Konveta inayoteleza huiacha injini ikimbie na gari libaki.

Kelele, na asubuhi ya baridi

Mlio wa kusaga unaosikika gari limesimama kwenye D au R, ukapotea ukiweka N, unaelekeza kwenye bearingi za ndani ya konveta. Ukisikika kwenye gia zote na kwenye N pia, fikiria pampu. Mlio wa kugonga kama wa konrodi (mkono wa pistoni) iliyolegea, hasa injini ikiwa kwenye mwendo wa chini, unaweza kuwa fleksipleti, bati linalounganisha injini na konveta, iliyopasuka. Kuna injini zilizofunguliwa bure kwa sababu ya bati hilo.

Gari linalochelewa kushika gia asubuhi tu, kisha siku nzima likawa zima, mara nyingi lina konveta ambayo oili yake ilirudi kwenye sampu usiku. Kwenye 47RE na ndugu zake, konveta haijazwi ikiwa kwenye P, kwa hiyo kuweka N sekunde kumi na kitu baada ya kuwasha kunatosha. Inakera, lakini si sababu ya kutoa fedha mfukoni.

Imethibitika. Sasa fedha iende wapi?

Konveta iliyotumika, kutoka gari lililobomolewa, ndiyo ya bei ndogo kuliko zote na siipendekezi. Imechomelewa, huwezi kuona kitambaa cha lokapu wala kujua imemeza uchafu gani. Chaguo la mwenye fedha kidogo ni iliyokarabatiwa: imekatwa, imesafishwa, imewekwa kitambaa, bearingi na sili mpya, ikachomelewa tena na kupimwa mizani. Uliza kama bei inapungua ukirudisha ile ya zamani. Hakikisha ni ya injini yako hasa ya dizeli. Konveta ya toleo la petroli inaweza kuingia kwenye mashimo yale yale lakini ikawa na RPM ya kugota iliyo juu mno, na pikapu itakuwa inanguruma na kupata joto milele.

Pamoja nayo nunua sili ya mbele ya pampu, filta, gasketi ya sampu, oili ya kutosha giaboksi iliyokauka, na bolti mpya za konveta kama kitabu kinataka. Unapoweza kubana ni kwenye kazi ya mikono: kufungua mwenyewe, kukodi au kuazima jeki ya giaboksi. Kwenye kipoozeo usibane, na nitaeleza kwa nini.

Kuna hali ambayo hupaswi kuendelea. Ukifungua sampu na kukuta chenga za chuma au vipande vya kitambaa vimetanda, konveta mpya itaharibiwa na giaboksi hiyo hiyo. Hapo subiri, weka akiba, fanya vyote pamoja.

Kushusha

Toa waya hasi wa betri. Gari liwe juu ya stendi imara kwenye sakafu ngumu, juu ya kutosha giaboksi kupita chini yake. Mwaga oili, toa propela shafti (zitie alama zirudi zilivyokuwa), stata, nyaya, mabomba ya kipoozeo, na kama ni la magurudumu manne, transifa kwanza. Bolti za konveta zifunguliwe kupitia tundu la ukaguzi huku ukizungusha krenkishafti kwa spana. Tegemeza injini kwa nyuma kabla ya kutoa krosmemba (boriti inayobeba giaboksi). Giaboksi ya pikapu ya dizeli inaweza kuzidi kilo 100. Ifunge kwa mkanda kwenye jeki na usiruhusu mtu alale chini yake.

Konveta itoke pamoja na giaboksi. Ikibaki imening'inia kwenye fleksipleti, uzito wa giaboksi unaweza kuvunja gia ya pampu. Ikishatengana, ifunge kwa kamba au kipande cha bati isichomoke na kukudondokea mguuni, ikiwa na lita kadhaa za oili ndani.

Kagua fleksipleti kuzunguka mashimo ya bolti kwa tochi. Gusa bushi ya pampu kwa kidole: ikiwa na ukingo au imekuwa ya duara refu, sili mpya itavuja tena ndani ya wiki. Hakikisha pini za kulenga zipo kwenye bloku. Zikikosekana giaboksi hukaa upande na sili haidumu.

Kipoozeo, mahali konveta ya pili hufia

Kila kilichomeguka ndani ya konveta ya zamani kilipelekwa moja kwa moja kwenye kipoozeo, kwa sababu oili inayotoka kwenye konveta hupitia huko. Ukiwasha gari, uchafu huo unarudi. Sukuma kisafishio kwa mwelekeo wa kurudi nyuma, kisha kwa mwelekeo wa kawaida, mpaka kinachotoka kiwe safi kabisa, halafu pitisha hewa. Vipoozeo vyenye vijia vyembamba vilivyopangwa kama rafu havisafishiki hadi mwisho. Kama vile vya zamani vilimeza chuma, badilisha. Wakati huo huo ni nafasi nzuri ya kuongeza kipoozeo cha nje. ATF inayofanya kazi kati ya nyuzi 80 na 95 hudumu; kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 hivi zinazoongezeka juu ya hapo hukata uhai wake nusu.

Kuikalisha

Hii ndiyo hatua inayovunja pampu za watu, na huvunjika kwa haraka tu. Mimina karibu lita moja ya ATF kwenye konveta mpya, paka oili shingo yake na sili. Ipandishe kwenye shafti huku ukiizungusha polepole na kuisukuma. Itaingia kwa hatua: kwanza meno ya turbini, kisha ya steta, kisha pampu. Utasikia na kuhisi ikishuka, kwa kawaida mara mbili au tatu. Usiridhike na mara ya kwanza. Weka rula ndefu kwenye mdomo wa giaboksi na pima kina hadi kwenye masikio ya konveta. Linganisha na kitabu.

Giaboksi iguse injini kwa mkono mtupu, pande zote, bila mwanya. Ikibaki mwanya, usivute kwa bolti, hata kama ni wa milimita chache. Toa, kalisha tena. Ikishafungwa, konveta lazima izunguke bila kukwama na iwe na uchezo kidogo kuelekea fleksipleti, mara nyingi milimita 3 hadi 5. Ikiwa imebanwa kabla hata hujaweka bolti zake, haijakaa. Kaza bolti kwa spana ya toki, kwa mzunguko.

Kuwasha

Mimina sehemu kubwa ya oili inayohitajika kabla ya kuwasha, washa, ongeza mara moja maana konveta itakunywa. Pitisha gia zote polepole, magurudumu ya nyuma yakiwa hewani au breki ikiwa imekanyagwa. Pima mtiririko: bomba la kurudi kutoka kwenye kipoozeo, ndani ya chombo, lipate karibu lita moja kwa sekunde 20 injini ikiwa kwenye mwendo wa chini. Ukipata nusu yake, kuna kizuizi. Zima na ukitafute kabla hujaenda barabarani.

Futa kodi, na kama skana yako inaweza, futa kumbukumbu ya mazoea ya giaboksi, la sivyo itaendelea kuiendesha konveta mpya kana kwamba ni ile mbovu. Kilomita mia chache za mwanzo usivute trela. Kisha rudia hesabu ile ya tairi na difu kwenye barabara ile ile, gusa breki, tazama mshale. Baada ya kilomita 500 hivi fungua sampu tena: vumbi jembamba la kijivu kwenye sumaku ni la kawaida, chenga unazoweza kuzishika kwa kucha si za kawaida.